Marahaba ya Baba

Zamda, shoga yangu,

Arubaini yako imepita, na mimi sikuweza kuja mjini. Miguu imekataa. Nimelala hapa Bwejuu kwa mwanangu, nimeomba mto wa mgongo na kalamu, kwa sababu kuna jambo nataka kulikiri nikiwa bado na pumzi. Nilijua.

Unaikumbuka televisheni ya mtaa, ilipokuwa ngeni Unguja? Wanaume barazani, sisi wanawake pembeni. Bibi yangu akijifunika vizuri kila msoma habari akitokea, asije akamwona kichwa wazi. Nilipokuhadithia ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mwambie yule ana mke," ulisema.

Mimi siku zile sikuwa na raha. Nimepata nafasi chuo cha ualimu, baba hataki. "Nshasema, kusoma kumekutosha." Nikaja kulia kwenu, wewe unakariri mchezo wako wa televisheni, nikakwambia nilivyomwomba: "Baba, siombi kutoka mikononi mwako. Naomba nirudi na kitu mkononi."

Wiki ile ukatokea kwenye televisheni, umeigiza binti wa seremala. Ukatutazama sote. "Shikamoo, baba."

Na baba yangu, kwa mazoea tu, akaitika: "Marahaba, mwanangu."

Baraza zima likaangua kicheko. Halafu ukasema maneno yangu, yale yale, hata pumzi ulivuta pale nilipovuta mimi. Mzee Khatibu, jirani yetu, hakuweza kujizuia. "Haya bwana, ushaitika, mtoto wako huyo. Mjibu."

Baba akaivuta kofia yake. "Nenda, mwanangu," akaiambia televisheni.

"Na huyu wako wa nyumbani?"

Baba akageuka, akanitafuta kwa macho kati ya wanawake. Sijui alinitazama muda gani. "Na yeye aende."

Nimekwenda, Zamda. Nimefundisha mpaka nikazeeka. Hapa Bwejuu wako wajukuu wa wanafunzi wangu wanaonisomea gazeti.

Mwenzio mmoja wa michezoni alikuja kunieleza baadaye kwamba maneno yale hayakuwamo kwenye mchezo ulioandikwa, na kwamba mkubwa wenu alikuweka nje ya michezo muda mrefu kwa kumvurugia mchezo. Mpaka hapo nilidhani umeugua. Hukuniambia, nami sikukuuliza. Baba alikuwa hai, sikutaka ajue kuwa alitegewa ile salamu. Nadhani na wewe ulimstahi hivyo hivyo. Kisha tukazoea kunyamaza. Asante yangu ikakaa kooni miaka yote hii.

Ulirudi, ukacheza mabinti, ukacheza wake, ukawa mama mkwe mkali hata wanawake wa sokoni wakakushika njiani: "Muache mkamwana apumue." Ukanunua samaki wako ukicheka. Mwisho ukawa bibi. Na baba, mpaka anakufa, kila ulipotoa shikamoo kwenye televisheni aliitika. Hakuna aliyemcheka tena.

Juzi wamerudisha mchezo wako mmoja wa zamani, kukukumbuka. Mwanangu akaniinua nione. Ukaingia, kijana, mtandio begani, ukaamkia.

Lala salama, shoga yangu. Mungu akupokee kama ulivyonipokea mimi ninalia. Maadamu nna pumzi, kila utakapoamkia, marahaba ya baba nitaitika mimi. Juzi nshaanza.

Rukia wako