Majani Aliyoyakataa Mgeni wa Uvira

Mama Hayat,

Mi nimekwenda Gatumba kumwomba yule mnunuzi wa Uvira asitutupe. We na Hayat mufungue marobota yote, muanike majani ya mifugo kwenye ile bashi, turubai la plastiki. Yaliyoota ukungu musimpe hata mbuzi.

Leo asubuhi mgeni aliingiza mkono ndani ya robota, akautoa mbio: moto kama mkate. Akanusa, akapanda gari lake. Nikadhani uliyafunga kabla hayajakauka, ndiyo maana nikakufokea mbele ya watu. Nisamehe.

Kumbe ni Bibi yake Hayat. Miaka yote sokoni alinyunyizia mboga zake za lengalenga maji zisinyauke. Wiki nzima hii, kila alfajiri nikiwa msikitini, kanyunyizia na majani yetu, yapendeze machoni pa mgeni. Kaniambia mwenyewe, anacheka kwa furaha.

~~Umwambie ukweli.~~ Apana, usimwambie. Sema mgeni kayasifu, ila anataka yapate jua kidogo.

Na ndoo yake ya maji uifiche. Akiyaona juani hivyo, atayahurumia.

Baba Hayat