Kaye Mbili Daima

Jumatatu, 24 Aprili 1972

Dispansere imejaa wagonjwa tangu asubuhi. Leonidasi amechelewa tena. Ni kijana wa chuo, anasomea uganga. Anatafuta kwa nini kifafa kimekuwa kingi pwani yetu ya ziwa, Rumonge, na kwa nini wengine akili huwaruka baadaye. Mimi muuguzi mkongwe ndiye wa kumwongoza.

Leo nimemfokea. Jina la mgonjwa kaandika "Merida wa Gatete." Merida yupi? Jina lote, la baba, kilima anakotoka, miaka ya shule. Na kaye mbili daima, madaftari mawili: lake na langu. Anachoandika vilimani, akirudi ananakili kwenye ya kwangu. Kaye moja ikilowa, kazi yote imekwenda na maji.

Jumatano, 26 Aprili

Nimekwenda Gatete na Leonidasi. Merida analishwa nyuma ya nyumba, sahani yake peke yake. Eti mate yake yanaambukiza. Kanuni yangu: kula na mgonjwa kwanza, andika baadaye. Leonidasi akamega ugali kwenye sahani ya Merida, hakusita. Mama mtu akalia.

Huyu atanipita mbali. Sijamwambia, atavimba kichwa. Kesho anashuka Kabonga, kusini, peke yake.

Jumapili, 30 Aprili

Jana kumelipuka. Waasi, mapanga, moto. Watu wameuawa hapahapa mjini. Nimeosha vidonda mpaka maji yakaisha. Njia ya kusini imefungwa na Leonidasi yuko huko. Ninaogopa. Basi.

Alhamisi, 4 Mei

Wanajeshi wamefika. Sasa wanakamata waliosoma, eti ndio waliochochea uasi: walimu, makarani, wanafunzi. Wanakuja na karatasi, wanasoma majina. Ukiitwa, unapanda kamyo, lori lao. Hajarudi hata mmoja.

Nimetazama kaye yangu pale rafuni. Jina, baba, kilima, miaka ya shule. Ya Rabi, nimemfundisha nini mtoto wa watu? Nimeichoma jikoni, karatasi moja moja. Shajara hii inalala ndani ya debe la mawese.

Jumamosi, 6 Mei

Yuko hai. Amekuja kwa miguu, midomo imepasuka, kaye kifuani.

Kule Kabonga mpaka ulikuwa mbele ya pua yake. Angevuka kuingia Tanzania siku ileile. Amerudi ili anakili kwenye kaye yangu, kwa sababu nilisema daima. Nilitaka kumpiga. Nikamkumbatia.

Mke wangu amemvika kanzu yangu na kofia, apite kama mtoto wa Waswahili, ambao hawakamatwi. Nikamwambia hiyo kaye ichomwe.

"Baba Shabani, tukiichoma, Merida atarudi kuitwa mwenye mashetani."

Nikamwachia. Nilimjivunia, mpumbavu mimi. Ameondoka nayo adhuhuri.

Jumanne, 9 Mei

Mvuvi aliyepita njia hiyohiyo ameniletea habari. Kwenye bariyeri, kizuizi cha wanajeshi kabla ya Nyanza-Lac, kanzu iliwadanganya. Walishamwambia pita. Mmoja akampapasa kifuani, akaikuta kaye. Majina ya nani haya? Akasema ya wagonjwa. Wakacheka. Wakampandisha kamyo.

Nimemuua mimi. Nilikuwa na saa nzima ya kumpokonya ile kaye, na moto ulikuwa unawaka jikoni.

Nimetuma neno Gatete: Merida na wagonjwa wenzake wasilale kwao, majina yao yamo kwenye kaye. Sili. Kila kamyo ikipita, natoka nje kutazama nyuso.

Ijumaa, 26 Mei

Mvua. Leonidasi, hakuna habari. Sitarajii tena.

Merida ametoka mafichoni, amekuja kutafuta dawa. Sahani yake kwapani, ya kulia peke yake. Hajaanguka mwezi mzima.

"Yule munganga kijana iko wapi?"

Nikamtandikia mkeka. Mke wangu akaleta ugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Sahani ya Merida nikaiweka kando, tukala moja, sote watatu. Alikula polepole, akitutazama mikono.

Kisha nikampa vidonge, nikafungua kaye mpya. Nimeandika: Wa kwanza. Mwanamke. Hajaanguka mwezi mzima. Jina sikuliandika. Na kaye ni moja tu.