Swali la Mganga wa Zahanati

Mjukuu wangu Hawa,

Assalam alaykum. Huku Mpapura tu wazima. Mjomba wako anapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, anakohoa na hataki kuambiwa.

Umeniuliza nasemaje kuhusu huko Marekani, wanakobishana kama mwanamke aruhusiwe kutoa mimba, na kama majaji ndio wa kuamua. Mjukuu wangu, sheria siijui. Namjua Somoe.

Huyo tulichezwa naye unyago, tukaapa kwamba mambo ya wanawake hayatamkwi mbele ya mwanamume. Mwaka uliofuata alishika mimba, akanywa dawa ya mizizi ili aitoe. Nilijua mimi peke yangu. Tulipomfikisha zahanati, mganga akaniuliza, "Amekunywa nini?"

Alikuwa mwanamume. Nikakumbuka kiapo, nikaona na pingu, na hakimu ananiita jina kwa kumficha mtoa mimba. Nikasema, "Ni homa tu."

Basi akamtibu homa. Kesho yake tulimzika.

Hakimu niliyemwogopa hakuja hata siku moja. Na mganga yule hakuwa anatafuta wa kumshtaki, alitaka tu kujua ampe dawa gani.

Wewe unasomea sheria, nami naogopa. Siku moja binti atakaa mbele yako, utamuuliza, naye atasema ni homa tu. Usiharakishe kuandika.

Barua zangu huandika mjomba wako. Hii nimeiandika mwenyewe, kwa mkono wangu. Babu yako alikufa hajui. Ukimaliza kusoma, ichane.

Bibi yako