Kengele ya Ghala la Chanjo

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba lile jino lililokuwa likikutesa limekwisha kung'olewa, ingawa nakujua ulivyo mwoga wa koleo. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata pa kukimbilia.

Hapa ghalani majokofu yote manne yamejazwa chanjo tena. Nafasi ya shemeji, mumeo, ya kulinda majokofu amepewa mama mmoja mstaafu anayefuma sweta zamu nzima. Kila nikipita mezani pake natazama ukuta.

Unakumbuka shemeji alivyotamba kwa ajili yangu nilipofufua kengele ya majokofu? Kadi inayopokea vipimo vya joto ilikuwa ya zamani mno, walioitengeneza wameshaisahau, na kompyuta yetu ya Linux haikuitambua. Wiki tatu nzima nikaandika moduli yangu mwenyewe, yaani kipande cha programu kinachochomekwa kwenye kiini cha mfumo huku mashine ikiendelea na kazi. Nilipoichomeka, kengele ikalia kwa mara ya kwanza baada ya mwaka. Shemeji akanibatiza Fundi Kiini, akawatangazia hata wauza maji wa mlangoni. Nami kichwa kikavimba. Mkuu wa ghala aliponitaka niandike maelezo ya kuijenga upya, nilimjibu kwamba yote yamo kichwani.

Moduli ya namna ile, dada, ni kama ufunguo uliochongwa kwa kitasa kimoja. Kiini kikibadilishwa, lazima uijenge tena, la sivyo mfumo unaikataa. Hilo hata mwanafunzi analijua.

Ijumaa ile kabla ya mkasa nilisasisha mfumo, kiini kipya kikaingia, nikaiwasha mashine upya, nikaona taa ya kijani, nikaenda zangu nyumbani. Moduli sikuijenga. Nilisahau kwa haraka tu; sina kisingizio kizuri zaidi. Jumapili mchana, shemeji akiwa zamu, jokofu la tatu likafa. Kengele haikulia. Chanjo zote zilizokuwamo zikaharibika.

Sasa ndugu yangu, vumilia, maana hili ndilo lililonikalisha kuandika. Jumatatu nilifika kabla ya wote. Nikafungua mashine, nikaona moduli haimo, nikaelewa. Nikaijenga kwa dakika mbili, nikaichomeka, nikafuta kumbukumbu zote za mashine za siku zile. Kamati ya uchunguzi ilipokuja kuijaribu, kengele ililia mpaka watu wakaziba masikio. Wakamwambia shemeji kwamba alilala. Akaapa kwamba hakulala, kisha akanigeukia mimi, akaniomba niwaeleze kama kengele ile inaweza kunyamaza. Nikasema sijaona hitilafu yoyote. Akamwaga unga siku ileile, yeye aliyebembeleza watu ili mimi niajiriwe.

Mwezi uliopita ulinipigia, ukasema kinachokuuma si kazi aliyoipoteza, bali kwamba mumeo anakudanganya mchana kweupe, na kwamba utalala chumba cha watoto mpaka akiri. Nikauficha ukweli. Nikakwambia mpe muda. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja kabla sijapata hata mtoto, na usingizi ameniondolea.

Leo asubuhi nimempa mkuu wa ghala maelezo haya haya kwa maandishi. Aliyasoma mara mbili, kisha akaniomba funguo. Watakachonifanya sikijui. Shemeji sina uso wa kumtazama, wala usinisemee kwake. Ila wewe, dada, usingoje kamati wala barua ya ofisi. Rudi chumbani kwako leo. Mumeo hakulala, wala hajakudanganya hata neno moja.

Wabusu watoto, na mkubwa mwambie asome kwa bidii. Ukiona vyema kunijibu, nitashukuru, ukinyamaza, nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekutoa machozi usiyostahili.