Kunde za Asili

Mjukuu wangu Asha,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia hapa Mnyambe. Mama yako mdogo amejifungua salama. Umeuliza kama hizo kunde za asili za pakiti zinazouzwa huko mjini zinastahili bei yake.

Biashara ya mazao ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi nilikuwa msichana. Mnunuzi mmoja alizikuta kunde za mama kwenye kibuyu, zimechanganywa na majivu zisibunguliwe. Akapandisha bei, akapandisha tena. Mama akamwambia, "Hizo si kunde, baba. Ni mbegu." Kwetu mbegu ilikuwa haiuzwi, aliyeishiwa aliomba, akapewa. Mnunuzi akaondoka akidhani mama anaringa.

Siku hizi kijiji kizima tunapanda za dukani, zile za mama zimepotea. Bei yake siijui, mjukuu wangu. Ila ukizinunua, usizipike zote. Bibi yako anakuomba kiganja kimoja cha mbegu.