Kitambaa Chekundu Kimegoma

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na tafadhali usiuweke kiporo, maana harusi ya mjukuu wangu ni Jumamosi ya wiki ijayo saa nane mchana, dijei ni mimi, na jambo ninalokuandikia halijui mtu yeyote isipokuwa mke wangu, na mke wangu ndiye huyo aliyeninunia.

Shule niliishia darasa la nne, mwalimu alisema nina kichwa kizito na miguu myepesi, basi nikafuata miguu. Nimepiga muziki kwenye sherehe miaka arobaini na mbili, tangu enzi za santuri hadi hivi vidude vya kutia mfukoni, na watu wananiita Mzee Moto kwa sababu ukumbi wangu haupoi. Vijana wa kazi hii hunijia, babu, unajuaje wimbo gani ufuate? Nawaambia msitazame nyuso, nyuso zinadanganya, tazameni miguu chini ya meza, kisigino kikigonga sakafu huyo ni wako, na mama akikumbatia mkoba wake bado anawaza kwenda nyumbani, ila akiuweka chini huyo anasubiri kunyanyuliwa tu, na msipige nyimbo tatu za kasi mfululizo, wazee watakaa, na mzee akishakaa kumwinua tena mtaita winchi. Maneno hayo yote ni kweli tupu, mshauri, ila si yangu. Ni ya mke wangu.

Macho yangu hayavuki meza ya kwanza, tangu ujana, na miwani sivai kwa ajili ya sura yangu (usicheke). Kwa hiyo yeye hukaa meza hiyo ya kwanza na kitambaa chake chekundu, yeye anawaona watu, mimi namwona yeye. Akikitupia begani, nipunguze kasi. Akijipepea, pamekolea, niache hapo hapo. Akijifuta shingo, nibadilishe upesi, watu wameanza kutafuta viatu vyao.

Sasa mwezi uliopita nikaalikwa redioni, mtangazaji akaniuliza siri ya kazi, mdomo ukanitangulia, nikasema kusoma watu nimezaliwa nako, hakuna aliyenifundisha. Kurudi nyumbani namkuta mke wangu mbele ya redio, ameizima, ananiambia, "Kumbe ulizaliwa nako, baba watoto. Hongera. Mama yako masikini, sijui alikuzaaje na kitambaa changu mkononi."

Wiki mbili baadaye tukawa na sherehe ya jirani yetu, fundi cherehani, anastaafu. Mke wangu akaja, kapendeza kweli, akakaa meza yake ile ile, kitambaa akakitia ndani ya mkoba akafunga zipu, mkoba akauweka chini, akakunja mikono, akawa ananitazama tu. Nikapiga muziki kama mtu anayepapasa swichi gizani. Niliona mtu mmoja anaruka karibu yangu, nikajua wamepagawa, nikawaongezea nyimbo sita za kasi, kumbe ni mhudumu kamwagikiwa na chai ya moto. Sakafu ikabaki viti na upepo. Fundi akaja taratibu akaniuliza, "Mzee Moto, kwani leo tunazika?"

Mjukuu amesikia. Ameniambia kwa adabu zote, "Babu, usijichoshe, kuna dijei wa kompyuta, wewe kaa na wageni." Nikae na wageni! Mimi! Anataka jibu Jumapili. Mke wangu nimemnunulia kitambaa kipya, amefutia jiko. Sasa nimtafute mtu mwingine nimfundishe ishara, au ninunue miwani kimya kimya, au niombe msamaha, ingawa hilo la mwisho nimelitia ili barua ijae.

Wako, Mzee Moto

---

Mzee wangu,

Nimecheka, kisha nikakasirika, kisha nikasoma mara ya pili nikakasirika vizuri zaidi. Kwa ukumbi uliopoa nakupa pole. Kwa redio sikupi.

Hebu isome barua yako mwenyewe. Umeniandikia kwamba mama akiuweka mkoba chini anasubiri kunyanyuliwa. Ukashuka kidogo, ukaniandikia kwamba mke wako ameuweka mkoba chini. Umeuona, umeuandika, ukaupita kama jiwe la njiani! Miaka arobaini na mbili huyu mama amekaa akihesabu visigino vya watu ili wewe uitwe Moto. Yeye amecheza lini? Nimetafuta barua nzima, sijaona hata wimbo mmoja.

Mtu mwingine wa ishara, usithubutu. Miwani nunua kesho, sura yako ilishamaliza kazi yake zamani. Na hilo ulilotia ili barua ijae, ndilo la leo. Usilinunulie kitu. Kaa mbele yake, sema "nilikosea," kisha nyamaza. Najua kunyamaza kutakuuma kuliko kukosea.

Jumapili mwambie mjukuu kwamba utapiga wewe, na huyo wa kompyuta aje pia, una kazi naye. Siku ya harusi shika kipaza sauti kabla ya wimbo wa kwanza, uwaambie wageni ni nani aliyekuwa akiusoma ukumbi siku zote hizo. Useme kwa ufupi, usituletee redio nyingine. Kisha mwachie mwenzako wa kompyuta mashine, utembee hizo hatua chache hadi meza ya kwanza, umwombe mwenye mkoba acheze nawe.

Akikataa, simama hapo hapo mpaka wimbo uishe, umestahili. Akikubali, mkifika katikati ya sakafu usigeukegeuke kutazama kama watu wamenyanyuka. Atakuambia yeye.