Nimempigia Mtu Mzima Kelele Uwanjani

Aabo, baba yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, mguu umepoa, na mama yetu Hooyo kifua kimemwachia. Mimi mwili ni mzima ila roho haitulii. Hata hapa nilipofika nimeshasimama kuchungulia dirishani, na hakuna kitu cha kutazama. Naandika Kiswahili kwa sababu Kisomali changu ni cha mdomoni tu, kalamu nilifunzwa shuleni Garissa. Dada Hodan akutafsirie, na asitie chumvi.

Aabo, kesho timu inachujwa. Sisi wageni, tulioingia mwaka huu, tuko wengi na nafasi ni chache. Kazi yangu, kama nilivyokueleza kwa simu, ni kukimbia pembeni mwa uwanja na kudaka ule mpira wenye ncha mbili unaotoka kwa mrushaji wetu. Nilidhani mbio zitatosha. Si ndizo zilizonitoa Garissa zikaniingiza chuo huku ng'ambo, kisha timu hii ya wakubwa? Kumbe hapa kila mtu ana mbio. Mgeni anayebaki ni yule anayeaminiwa na mrushaji, maana mpira hutupwa kabla hujageuka. Unafika pale mlipokubaliana, unageuka, unaukuta umeshafika.

Mimi mpira ulinipita wiki nzima. Na wallahi sikukosea njia. Mrushaji ni mtu mzima, ana mvi ndevuni, alikuwa anacheza mchezo huu nami bado nachunga mbuzi. Alimzoea mdakaji wa mwaka jana, aliyekuwa akigeuka mbali zaidi, kwa hiyo akawa anarusha mbele yangu. Mpira ukianguka ananitazama, nami natazama viatu. Nitamwambiaje mtu wa rika la ami yangu kwamba amekosea? Nikanyamaza kwa adabu. Kocha akauona ukimya ule, akasema, "Kama hujui unakokwenda, niambie nimpe mwingine nafasi."

Nilimsimulia Hodan kwenye simu. Akanijibu, "Wallahi watakurudisha huku uuze maziwa na Hooyo! Kwani hiyo mdomo yako iko na kufuli?"

Alinikera mpaka chakula cha mchana kikanishinda. Ndipo nikakumbuka kile kisima chetu cha Griftu. Kaka Abdi chini kwenye maji, mimi katikati, wewe juu, na ndoo zinapita mkono kwa mkono bila mtu kutazama. Siku moja uliachia ndoo tupu kabla sijanyoosha mkono. Nilikuogopa, sikusema kitu, ikashuka ikapiga maji karibu na kichwa cha Abdi. Uliinama ukanguruma: "Piga kelele, wewe! Heshima utaniletea nyumbani. Hapa nataka kusikia mkono wako uko wapi!"

Jana asubuhi mpira ukanipita tena. Nikamwendea yule mtu mzima mbele ya wote, nikapaza sauti: "Umerusha mbele! Mimi nageukia hapa. Hapa!" Nikakanyaga nyasi kwa kisigino.

Akaniangalia. "Na siku zote hizi ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

Akacheka, akarudi mahali pake. Mpira uliofuata nilipogeuka ulikuwa tayari vidoleni. Na wa pili. Tukarudia mpaka jua likatufukuza.

Sasa sijui kama imetosha au nimechelewa. Kocha hasemi kitu. Nataka kubaki, Aabo, nataka sana, mpaka naona haya kuandika. Simu watakayonipigia kunipa jibu iko mezani kimya na nimeichukia.

Mpe Hooyo salamu, umwambie nakula. Abdi akirudi na ngamia kutoka Modogashe, mwambie sasa namwelewa alivyotukana siku ile ya ndoo. Ami wa dukani naye msalimie, na shangazi anayeniombea dua. Hodan hahitaji salamu, anajisomea mwenyewe.

Na kama umeudhika kwamba nimempigia mtu mzima kelele, niwie radhi. Uliuliza mkono wangu uko wapi, na miaka yote hii sikuwa nimekujibu.

Mwanao, bado yuko katikati ya kisima,
Yusuf